Kulipoza Gari-Nyumba katika Joto la Arizona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa familia zinazozungumza Kiswahili, ziwe zinaishi Marekani au zimekwenda kuwatembelea ndugu, ambazo hukodi gari-nyumba wakati wa likizo ya shule ya Juni hadi Agosti na kuelekea bonde la Grand Canyon kwa kupitia Phoenix. Huo ndio msimu wa joto kali kuliko wote Arizona. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipitisha siku 31 mfululizo, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai, ambapo joto la mchana lilifika digrii 43 za Selsiasi au kuzidi. Mtu aliyekulia Tanga au Lamu asidhani kwamba amekwisha kulizoea: joto la pwani ni la jasho na upepo wa bahari, hili ni la tanuri.

Gari-nyumba ni gari la namna gani, na kwa nini hushika joto upesi kuliko nyumba ya kawaida?

Kwa jina hili tunakusudia gari lenye vitanda, jiko, choo na friji ndani yake, liwe na injini yake lenyewe au liwe karavani inayokokotwa na gari jingine. Kuta zake ni nyembamba, mara nyingi hazizidi sentimita 5, na kilichomo kati ya ubao wa ndani na bati la nje ni povu gumu au pamba ya kuzuia joto. Nyumba ya udongo au ya matofali huchukua saa nyingi kabla joto la nje halijapenya hadi ndani, kwa sababu ukuta wenyewe ni mzito na hulimeza joto polepole. Gari-nyumba halina uzito huo, na jua likianza kulipiga saa moja asubuhi, ifikapo saa tatu waliolala kitanda cha juu wameshaamka wenyewe.

Kosa kubwa, hata hivyo, si la kuta bali ni la vioo. Mita moja ya mraba ya kioo kinachotazamana na jua huingiza mamia ya wati za joto, kama vile mtu ameweka jiko dogo la umeme katikati ya sebule na kuliacha likiwaka mchana kutwa. Yale magari makubwa yenye umbo la basi yana kioo cha mbele chenye zaidi ya mita 2 za mraba, na hapo hatujahesabu madirisha ya ubavuni wala matundu ya paa. Kwa hiyo kazi ya kulipoza gari-nyumba huanzia kwenye vioo na mahali pa kuegesha, kisha ndipo kiyoyozi kinapopata nafasi ya kufanya kazi yake. Wengi hufuata mpango wa kinyume, na maswali mengi yaliyomo humu chimbuko lake ni hilo.

Kiyoyozi kinanguruma tangu saa sita mchana na ndani bado ni moto. Je, kimeharibika?

Huenda ni kizima kabisa. Kiyoyozi cha paani cha gari-nyumba kwa kawaida ni cha BTU 13,500 au 15,000 kwa saa, yaani kina uwezo wa kuondoa joto la takriban wati 4,000 hadi 4,400, na uwezo huo hauongezeki kwa sababu siku imekuwa kali. Njia ya kukipima ni rahisi: chukua kipimajoto cha jikoni, pima hewa inayofyonzwa kwenye wavu wa kiyoyozi, kisha pima hewa inayotoka kwenye tundu lililo karibu nacho zaidi. Tofauti ikiwa kati ya digrii 9 na 12 za Selsiasi, mashine iko sawa.

Hapa pana dhana potofu inayorudiwa sana, hata na wakodishaji, kwamba kiyoyozi hakiwezi kulifanya gari liwe na ubaridi zaidi ya digrii 11 chini ya joto la nje. Kipimo hicho ni cha hewa inayoingia na kutoka ndani ya mashine, na hakihusiani moja kwa moja na joto la nje. Hewa ile ile huzunguka na kupozwa tena na tena. Gari lililofunikwa vizuri vioo vyake na kuegeshwa kivulini huweza kuwa na digrii 15 chini ya nje, na gari lililoachwa wazi juani lisifikie hata 8.

Siri ya pili ni saa ya kuwasha. Anayesubiri mpaka makochi, makabati, sufuria na magodoro yawe yamepata moto ndipo awashe kiyoyozi saa nane mchana, anakitaka kipoze vitu vyote hivyo pamoja na hewa. Kiwashe saa moja au saa mbili asubuhi, wakati ndani bado kuna ubaridi wa alfajiri, nacho kitakuwa na kazi ya kulinda ubaridi uliopo. Kushusha kidhibiti-joto hadi 60 kwenye kipimo cha Fahrenheit hakukifanyi kipoze haraka zaidi. Mashine hizi nyingi zina mwendo mmoja tu wa kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupozea), inazunguka au haizunguki. Kiweke 76 au 78 na ukiache.

Kama tofauti ya joto ni ndogo kuliko digrii 9, anza na chujio, ambalo katika vumbi la jangwani hustahili kuoshwa kila wiki. Kisha fungua kifuniko cha ndani cha kiyoyozi na uangalie kama hewa baridi inavujia upande wa kufyonza kabla haijafika chumbani. Kasoro hii ya kiwandani ni ya kawaida mno, na dawa yake ni utepe wa alumini wa bei ndogo. Kwa gari la kukodi, omba ruhusa kwanza. Usikubali fundi akuambie kwamba gesi inahitaji kuongezwa kama ilivyo kwa gari dogo: mfumo wa viyoyozi vingi vya paani umefungwa kiwandani na hauna valvu ya kuongezea.

Niliegeshe vipi?

Tafuta mti kwanza. Kivuli cha mti mmoja mkubwa kina faida kuliko vifaa vyote vinavyouzwa dukani, ingawa kitaziba paneli za sola ukiwa unazitegemea.

Pasipo mti, elekeza pande mbili ndefu za gari kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige pande fupi. Sisi tuliotoka karibu na Ikweta tumezoea siku ya saa 12 mwaka mzima; mwezi wa Juni huko Phoenix siku huwa na zaidi ya saa 14 za mwanga, jua huchomoza kaskazini-mashariki na kutua kaskazini-magharibi, na saa mbaya kabisa ni zile za kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni, jua linapokuwa limeshuka kiasi cha kuingia madirishani. Kwa sababu hiyo kioo cha mbele kisitazame magharibi. Ikiwa nafasi uliyopewa kambini haikuruhusu kuchagua, basi afadhali upande wenye turubai la kivuli ndio ukabili magharibi, kwa kuwa turubai likifunguliwa huufunika ukuta huo wote wakati unapohitaji zaidi.

Mapazia hayatoshi?

Hayatoshi. Pazia la kitambaa hulisimamisha jua likiwa tayari limekwisha kupita kwenye kioo, na joto hubaki limenaswa kati ya kioo na pazia, kisha likamwagika chumbani. Kinachofaa ni kitu kinachorudisha miali, na mahali pake bora ni upande wa nje wa kioo. Kwa kioo cha mbele kuna vifuniko vya wavu mzito vinavyofungwa nje kwa sumaku au ndoano. Kwa madirisha ya ubavuni, karatasi ya viputo yenye alumini pande zote mbili, inayouzwa kwa mikunjo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, hukatwa kwa mkasi kufuata umbo la dirisha na kubanwa kwenye fremu. Hata ikiwekwa ndani, ikigusana na kioo, husaidia sana kuliko pazia.

Usisahau matundu ya paa. Kuna mito ya sponji ya mraba, ya sentimita 35 kwa 35, iliyotengenezwa mahususi kuziba matundu hayo, na ile ya bafuni ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu mlango wa bafu hufungwa na watu hawaoni kwamba pale juu kuna dirisha la plastiki linaloiva juani tangu asubuhi. Ufunge mlango huo mchana na utakuwa umeokoa chumba kizima.

Kwa nini breka ya umeme (swichi inayojikata mzigo ukizidi) hukatika kila tunapowasha maikrowevu?

Kambi za Marekani hutoa umeme wa volti 120 kwa njia mbili kuu. Ya ampea 30 inakupa wati 3,600 tu. Ya ampea 50 ina nyaya mbili zenye umeme, kila moja ampea 50, na jumla yake ni wati 12,000, zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza, jambo ambalo majina yake hayalionyeshi. Kiyoyozi kimoja hutumia takriban wati 1,500, maikrowevu hukaribia kiasi hicho hicho, na hita ya maji ya umeme wati 1,400. Kwenye ampea 30 jumla hiyo haiingii. Weka hita ya maji kwenye gesi, na unapopasha chakula kizime kiyoyozi kwa dakika hizo tano. Ukikizima, subiri dakika nyingine tatu kabla ya kukiwasha tena ili shinikizo ndani ya kompresa lishuke.

Lililo hatari kuliko kukatika kwa breka ni umeme kudhoofika. Saa kumi jioni kila gari kambini limewasha kiyoyozi, na kwenye kambi za zamani volti hushuka. Kompresa ikilishwa volti 100 huvuta ampea nyingi zaidi, hupata moto, na hatimaye huungua. Kifaa cha ulinzi kinachochomekwa kati ya nguzo ya umeme na waya wa gari, chenye uwezo wa kukata umeme volti zinaposhuka chini ya 104 hivi, ni ghali, lakini ni rahisi kuliko kiyoyozi kipya. Gusa pia plagi yenyewe jioni: uvuguvugu si neno, lakini ikiwa inaunguza mkono, zima kila kitu na uombe kuhamishiwa nguzo nyingine.

Je, tunaweza kuendesha kiyoyozi kwa betri na sola, bila umeme wa kambi?

Hesabu yenyewe inajibu. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,280, ilhali kiyoyozi hula wati 1,500. Ni chini ya saa moja ya kompresa kuzunguka bila kupumzika. Paneli za sola za wati 400, katika siku nzuri ya jangwani, hurudisha labda wati-saa 2,000, na paneli zenyewe hupoteza nguvu zinapopata moto. Wako watu waliofunga betri nane na paneli paa zima, na kwao inawezekana; kwa gari la kukodi, hesabu sola kuwa ya taa, feni na kuchaji simu.

Na jenereta?

Jenereta ya ndani ya gari ya wati 4,000 huendesha kiyoyozi kimoja bila taabu na hunywa takriban lita 2 za petroli kwa saa. Kwa kawaida huvuta kutoka tangi lile lile la gari, na hujizima tangi linapobaki robo ili usikwame barabarani. Kumbuka kwamba hewa ya milimani ni nyepesi: nguvu hupungua kwa asilimia 3 hadi 4 kila unapopanda mita 300, hivyo wati 4,000 za Phoenix ni takriban 3,200 ukifika Flagstaff, mji wa milimani kaskazini mwa Phoenix.

Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini. Kabla ya usiku wa kwanza bonyeza kitufe cha kujaribu king'ora cha gesi hiyo na uhakikishe kinalia. Funga madirisha ya upande wa bomba la moshi, na utazame pia jirani ameegesha wapi, kwa maana moshi wake unaweza kuingia kwako kama ule wa kwako.

Feni zinasaidia? Vipi vile vipoza hewa vya maji?

Feni ya paa ni mali, lakini kwa wakati wake. Mchana wa digrii 43 kuvuta hewa ya nje ni kujiletea moto. Izime na uzibe tundu. Jua likishatua na nje kukawa na ubaridi kuliko ndani, ifungue ielekeze hewa nje, kisha fungua dirisha moja tu upande wa kivuli, karibu na kitanda, ili hewa yote ipite hapo ulipo. Madirisha yote yakifunguliwa, upepo hutawanyika na hakuna anayeusikia.

Kipoza hewa cha maji hutumia kanuni ile ile ya mtungi wa udongo uliokuwa ukiwekwa barazani: maji yanayovukia huondoka na joto. Katika hewa kavu ya Arizona mwezi wa Juni, kifaa kidogo kinachotumia umeme wa feni tu huweza kushusha joto kwa digrii 10 au zaidi, mradi uache dirisha wazi ili unyevu utoke. Kwa hiyo hakiwashwi pamoja na kiyoyozi, kwani kimoja huongeza unyevu na kingine huhangaika kuuondoa. Ukikipeleka Houston au Florida, ambako hewa ni kama ya Mombasa mwezi wa Machi, kitakulowesha tu.

Friji haigandishi na maziwa yanaharibika. Tatizo ni nini?

Magari mengi yana friji ya gesi isiyo na kompresa. Ndani yake mna mchanganyiko wa amonia na maji unaochemshwa kwa moto mdogo, na joto lake hutolewa nyuma, kupitia matundu mawili ya ukutani na paani. Jua likiupiga ukuta huo, joto halina pa kwenda. Geuza gari, au tundika turubai nje ya matundu bila kuyaziba, na kama kuna feni ndogo ya volti 12 nyuma ya friji hakikisha inazunguka. Gari pia lisimame sawasawa, kwani friji ya aina hii ikiinama mchanganyiko hautiririki. Washa friji usiku mmoja kabla ya safari, tia vitu vilivyokwisha kupoa, na utumie kipimajoto: chakula kinachoharibika kikae digrii 4 au chini ya hapo.

Tukiwa njiani, kiyoyozi cha dereva kitatosha?

Kitawatosha waliokaa mbele. Nyuma ya viti hivyo kuna chumba cha mita sita au nane ambacho kiyoyozi hicho hakikutengenezewa kukipoza. Tundika shuka au pazia zito nyuma ya dereva, au washa jenereta na kiyoyozi cha paani, ambacho kinaruhusiwa kufanya kazi gari likiwa linatembea. Kwenye milima mirefu, sindano ya joto la injini ikipanda, kizime kile cha dereva. Baadhi ya barabara za Magharibi ya Marekani zina mabango yanayoagiza hivyo.

Matairi ndiyo yanayostahili hofu zaidi. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, na ujaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Usipunguze upepo kwa kuona umepanda mchana, maana tairi lenye upepo pungufu ndilo hujikunja, kupata moto na kupasuka. Tarakimu nne za mwisho za namba ya ubavuni huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Matairi mengi ya karavani hayakutengenezewa mwendo unaozidi kilomita 105 kwa saa, hata barabara ikiruhusu 120.

Si afadhali kwenda mahali penye ubaridi?

Ndiyo, na kama tungeruhusiwa kutoa shauri moja tu lingekuwa hili. Joto hupungua kwa takriban digrii 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Phoenix iko mita 330 juu ya usawa wa bahari na Flagstaff mita 2,100, umbali wa kilomita 230 tu kwa barabara. Siku ambayo Phoenix ina digrii 42, Flagstaff huwa na 28 au 30, na usiku mtatafuta mablanketi wakati kwa walioko Phoenix joto halijashuka chini ya 30 hata alfajiri. Kwa hiyo usipange usiku wa kwanza mjini. Chukua gari mapema, ununue chakula, na ulale mlimani.

Ukingo wa kusini wa Grand Canyon nao uko juu ya mita 2,000. Kambi ya Trailer Village ina umeme, ya Mather haina na saa za jenereta zina mipaka, lakini kwa urefu ule wengi hulala bila kiyoyozi. Tahadhari kwa watembeao kwa miguu: chini ya bonde, kwenye mto Colorado, kuna joto kama la Phoenix, na safari huanza kwa kushuka mnapokuwa na nguvu, kisha kupanda jua likiwa kali.

Turubai la kivuli tuliache wazi mchana wote?

Mkiwepo, ndiyo. Mkiondoka, likunjeni. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za ngurumo Arizona, na alasiri tulivu hugeuka dhoruba kwa dakika chache. Ukuta wa vumbi unaotangulia huitwa haboob, neno la Kiarabu lililotoka Sudan. Upepo huo hung'oa turubai pamoja na mikono yake, na bima nyingi za gari la kukodi hazilifidii.

Tunaweza kumwacha bibi au mbwa ndani tukatembee?

Mtoto haachwi peke yake kamwe, wala mtu mzima asiyeweza kujifungulia mlango. Gari dogo lililofungwa hupanda karibu digrii 11 ndani ya dakika 10. Gari-nyumba ni polepole kidogo, lakini mwisho wake ni ule ule, na umeme wa kambi hukatika bila taarifa. Bibi mwenye nguvu zake, simu yake, maji ya kutosha na jirani aliyeambiwa, anaweza kubaki. Kwa mbwa, kuna vifaa vinavyotuma ujumbe kwenye simu joto likipanda au umeme ukikatika, ila vinategemea mtandao, na jangwani mtandao hupotea. Msiende mbali zaidi ya mwendo wa dakika 15.

Kwa nini maji ya baridi yanatoka ya moto?

Mpira wa maji uliolala juani hupata joto la kuweza kuunguza ngozi, hasa ya mtoto mchanga. Upitishe chini ya gari, utumie ule mweupe uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, na kabla ya kumwogesha mtoto nje yamwage maji ya mwanzo kwenye shina la mti mpaka yabadilike.